Kitabu cha mbinu za poka kwa wachezaji wa mialo ya Mwanza: tunamwandikia nani, na dhidi ya nani?

Mwanzisha uzi, Kirumba

Ndugu wanajukwaa, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu, kwa sababu nimekusudia kulifikisha mwisho. Ninaandika kitabu cha mbinu za poka kwa Kiswahili, na msomaji niliyemkusudia si kila mtu anayependa karata. Ni mtu wa Mwaloni Kirumba, Igombe, Kayenze na visiwa vya jirani, ambaye amejifunza poka ya Texas (kila mchezaji ana karata mbili mkononi, na tano za wote hufunuliwa mezani) kwenye simu kwa chipu za bure, anazijua kanuni, anajua kwamba karata tano za aina moja, mfano kopa tupu, zinashinda mfululizo, lakini hajawahi kupata maelezo ya kwa nini usiku mmoja anamaliza chipu zote na usiku mwingine anakusanya za meza nzima. Watu hawa hucheza zaidi wakati wa mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mwezi unapokuwa mkubwa mitumbwi hukaa ufukweni, hivyo wavuvi, wabebaji na wachuuzi wanapata saa nyingi za kukaa pamoja.

Hoja yangu ni kwamba kitabu cha mbinu hakiandikwi kwa kumtazama msomaji peke yake. Kinaandikwa kwa kumtazama pia yule anayekaa mbele ya msomaji. Mbinu inayomwingizia mtu chipu katika meza moja inaweza kumfilisi katika meza nyingine, ingawa karata ni zilezile 52 na hesabu ni ileile.

Tazameni historia ya mchezo wenyewe. Mashindano ya World Series of Poker yalipoanza Las Vegas mwaka 1970 yalikusanya wachezaji wachache waliofahamiana, na bingwa wa mwaka ule alipatikana kwa kura za wachezaji wenzake. Mtu aliyeandika mbinu kwa ajili ya meza za wakati huo alimfikiria mpinzani mzoefu, mwenye fedha nyingi mbele yake na uwezo wa kutupa karata nzuri anapohisi hatari. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee aliyeanzia kwenye mchezo wa mtandaoni, alitwaa shindano kuu lililokuwa na washiriki 839 na kupata dola milioni 2.5. Kufikia mwaka 2006 shindano hilohilo lilikuwa na washiriki 8,773. Mpinzani alikuwa amebadilika kabisa, na vitabu vikabadilika naye: vikaja vya mashindano, vya meza ndogo za mtandaoni, vya watu wawili tu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoandikwa kwa kumfikiria mtu wa Igombe, na sioni sababu ya kuwalaumu waandishi wake, kwani hawakuwahi kukaa naye.

Mchezaji wetu amelelewa na chipu za bure. Zikiisha, baada ya muda programu inampa nyingine. Kwa hiyo amejenga tabia ya kulipa dau la mwenzake ili aone, hata akiwa na jozi ndogo au karata moja kubwa. Yeye na wenzake wanapokaa mezani, dau la kwanza linafuatwa na watu wanne au watano, na karibu kila mkono, yaani kila duru ya mchezo, unafika karata ya tano. Sasa mchukueni msomaji aliyesoma kwenye kitabu cha kigeni kwamba mchezaji hodari hutishia akiwa na karata tupu, mkamketishe hapo.

Hesabu yake ni hii. Katikati kuna fungu la chipu 1,000, nawe unaweka 500 bila kitu mkononi. Ili usipate hasara kwa muda mrefu, wapinzani wote lazima watupe karata angalau mara 1 kati ya 3. Akiwa mpinzani mmoja, hilo linawezekana sana. Wakiwa watatu, kila mmoja wao anapaswa kutupa karata karibu mara 7 kati ya 10, kwa sababu 0.7 ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu inatoa 0.343, yaani imevuka theluthi kidogo tu. Watu wasiotupa karata hata mara 4 kati ya 10 hawatishiki, na anayejaribu kuwatisha anawagawia chipu zake. Sura nzima ya kutishia, ambayo katika vitabu vingi ndiyo tamu kuliko zote, kwa msomaji wangu inapaswa kuwa fupi na kuja karibu na mwisho. Sura ndefu iwe ya kuweka dau kubwa ukiwa na karata nzuri, kwa sababu mtu yupo wa kulipa.

Naomba mawazo yenu, hasa yale yanayopingana na yangu.

Mchangiaji, Nansio

Mkuu, nimeusoma uzi wako kwa heshima, lakini ninalo la kukupinga, nalo nimelibeba tangu nilipoona kichwa cha habari. Visiwani huku fedha ya mbalamwezi ni fedha ya akiba. Mvuvi ambaye haingii ziwani usiku huo haingizi chochote, na akicheza karata kwa fedha anakula kilichobaki nyumbani. Kitabu chako kitamwambia kwamba kuna mbinu, naye ataelewa kwamba kuna ushindi wa uhakika. Je, umejiandaa kubeba jambo hilo?

Mwanzisha uzi, Kirumba

Ndugu yangu wa Nansio, nakushukuru kwa kulisema waziwazi. Sura ya kwanza haitakuwa ya karata. Itakuwa ya fedha na ya sheria.

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kucheza kwa fedha kunahitaji mahali penye leseni, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kushiriki. Meza ninazoziandikia ni za chipu zisizo na thamani ya fedha, na mifano yote ya kitabu itahesabiwa kwa chipu. Nitaeleza pia jambo ambalo wachezaji wengi hawalitazami: poka haitengenezi fedha. Katika meza ya marafiki, alichopata mmoja ndicho walichopoteza wengine, na jumla yake ni sifuri. Katika ukumbi wa biashara, mwenye ukumbi hukata sehemu ya fungu au hutoza kwa saa, hivyo jumla ya wachezaji wote iko chini ya sifuri kabla hata ya kuuliza nani hodari. Wanne wenye uwezo sawa wakikaa hapo mwaka mzima, kwa wastani kila mmoja wao atatoka na pungufu. Mtu anayeelewa sentensi hiyo amelindwa zaidi kuliko aliyekatazwa bila maelezo. Ndiyo imani yangu, na kwayo ninaandika.

Kuhusu ushindi wa uhakika, nitatumia karata bora kuliko zote. Ree mbili mkononi hupatikana mara 1 kati ya 221. Dhidi ya mpinzani mmoja mwenye karata zozote, zinashinda takribani mara 85 kati ya 100. Dhidi ya wanne wanaolipa hadi mwisho, zinashinda takribani mara 56 tu. Dhidi ya wanane, takribani mara 35. Nataka msomaji azikariri namba hizi tatu kabla ya kitu kingine chochote. Zinamfundisha kwa wakati mmoja kwamba hakuna mkono usioshindwa, na kwamba katika meza za kwetu ni lazima kuongeza dau mapema ili kupunguza umati.

Mchangiaji, mwanafunzi, Malimbe

Nina swali la kitaalamu. Siku hizi zipo programu za kukokotoa mbinu bora kabisa ya poka. Libratus ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa mwaka 2017 katika mchezo wa watu wawili, na mwaka 2019 Pluribus ikawashinda wataalamu katika meza ya watu sita. Kwa nini kitabu kisichukue majibu ya mashine moja kwa moja, badala ya kutegemea tabia za watu wa mwalo mmoja? Tabia hubadilika, hesabu haibadiliki.

Mwanzisha uzi, Kirumba

Ndugu mwanafunzi, swali lako ndilo lililonikosesha usingizi kuliko mengine yote, na nitalijibu kwa urefu.

Mbinu inayotafutwa na programu hizo ni mbinu ya mizani: mbinu ambayo mpinzani, hata akiijua yote, hatapata upenyo wa kuitumia dhidi yako. Inamchukulia mpinzani kuwa mkamilifu. Kwa hiyo ndani yake yamo matendo mengi ambayo kazi yake ni kujilinda tu. Mashine hutishia mara kadhaa ili mpinzani asiweze kutupa karata kwa raha kila inapoweka dau kubwa. Hupiga cheki (hupitisha zamu bila kuweka dau) na karata nzuri ili cheki zake zisisomeke kuwa udhaifu. Kila kinga ya namna hiyo ina gharama, na gharama hiyo inalipwa kwa sababu mpinzani anatazama.

Msomaji wangu anakaa mbele ya mtu asiyetazama hayo. Anatazama karata zake mbili na zile zilizofunuliwa mezani, basi. Kupiga cheki na jozi kubwa mbele yake, ili kulinda cheki za siku nyingine, ni kumpa karata ya bure usiku huu bila kupata chochote kwa malipo. Katika mchezo wa watu wawili, mbinu ya mizani haitapoteza kwa muda mrefu mbele ya mtu huyo, nakubali, lakini itaacha mezani chipu nyingi ambazo mbinu ya kawaida kabisa ingezichukua.

Umesema pia kwamba tabia hubadilika. Ni kweli, na ninaipokea hoja hiyo. Kitabu kitakuwa na sura ya namna ya kuitambua meza iliyobadilika: watu wakianza kutupa karata baada ya dau la kwanza, wakianza kuongeza dau badala ya kulipa tu, wakianza kukumbuka ulichofanya mkono uliopita. Hapo ndipo sura ya kutishia itakapoanza kuwa na kazi. Lakini kumfundisha mtu kinga dhidi ya adui ambaye bado hajafika Igombe, kabla ya kumfundisha kuvuna kwa aliyepo, ni kupanga masomo kinyume.

Mchangiaji, mwalimu wa hisabati, Sengerema

Naomba niingie upande wa hesabu. Asilimia zenye nukta zitamkimbiza msomaji wako. Mpe njia moja anayoweza kuitumia akiwa ameketi: ahesabu karata zinazomfaa, azidishe kwa 4 ikiwa zimebaki karata mbili za kufunuliwa, au kwa 2 ikiwa imebaki moja. Jibu ni nafasi yake ya kuipata, kati ya 100. Mwenye karata nne za kopa baada ya zile tatu za kwanza kufunuliwa ana kopa 9 zilizobaki. Kwa njia hii anapata 36 kwa karata mbili, na hesabu kamili ni 35. Kwa karata moja anapata 18, na hesabu kamili ni 9 kwa 47, yaani takribani 19. Tofauti hiyo haimuumizi mtu.

Lakini mwonye pia mahali njia inapopotoka. Mwenye karata 15 zinazomfaa anapata 60 kwa kuzidisha, ilhali ukweli ni takribani 54. Kadiri karata zinazofaa zinavyozidi, ndivyo njia inavyomdanganya kwa kumpandisha. Kosa la pili, ambalo nimeliona kwa wanafunzi wangu katika mada ya uwezekano, ni kutumia 4 mahali pa 2. Mtu anaambiwa alipe sasa kwa ajili ya karata moja, naye anahesabu kana kwamba ataona mbili kwa malipo hayohayo.

Mwanzisha uzi, Kirumba

Mwalimu, shikamoo, na asante sana. Onyo la pili nitaliweka katika ukurasa wake peke yake. Mpinzani akiweka nusu ya fungu, msomaji anahitaji kushinda mara 1 kati ya 4 ili malipo yake yawe na haki. Mwenye kopa nne akijipa 36 atalipa kwa furaha, kumbe kwa karata moja ijayo ana 19 tu, chini ya 25. Kinachoweza kumhalalishia malipo hayo ni chipu atakazopata baadaye kopa ikitokea, na katika meza za kwetu ambapo watu hulipa hadi mwisho, chipu hizo mara nyingi zipo. Ni mfano mwingine wa hesabu ileile kupata jibu jipya kwa sababu ya mtu aliyeketi mbele.

Mchangiaji, mchuuzi wa dagaa, Mwaloni

Mwanangu, mimi ni mama mwenye wajukuu na karata nacheza. Nimesoma yote uliyoandika na nimeona kila mfano wako ni wa kijana wa kiume. Wanawake tunaoanika dagaa na kuwauza tupo kwenye meza hizo. Nakuomba uliangalie.

La pili ni la mtaji. Mchuuzi mwenye akili hapeleki mtaji wote kisiwani kwa safari moja, hata akisikia dagaa wamejaa, kwa sababu mvua ikiwanyeshea juani kabla hawajakauka, amekwisha. Anapeleka sehemu ili akiharibikiwa aende tena. Wachezaji wa hapa huingiza chipu zote katika mkono mmoja kwa hasira ya mkono uliopita, halafu usiku unawaishia saa mbili. Liandike hilo kwa lugha yetu, watalielewa bila namba nyingi.

Mwanzisha uzi, Kirumba

Mama, shikamoo. La kwanza nimelipokea na mifano itaandikwa upya, kwa kuwa msomaji wa Mwaloni ambaye hamwoni muuza dagaa kwenye kitabu atajua mara moja kwamba mwandishi hakuitazama meza sawasawa.

La pili nakuomba ruhusa niliweke kitabuni kama ulivyolisema. Ushauri uliozoeleka miongoni mwa wachezaji makini ni kuwa na akiba ya mara 20 hadi 30 ya kile unachoingia nacho mezani, na katika mashindano zaidi ya hapo, kwa sababu hata anayecheza vizuri hupitia vipindi virefu vya kushindwa. Kwa chipu za bure, nitaigeuza kuwa nidhamu ya usiku: anayeanza na chipu 10,000 aamue kabla ya kuketi ni sehemu gani ataacha kando, asiiguse hadi kesho yake.

Mchangiaji, Nyegezi

Kaka, mjadala umekuwa mzuri, lakini bado hatujaona ukurasa wenyewe. Tuwekee mkono mmoja kamili kama utakavyokuwa kitabuni. Na kwa upande wa uchapaji, usisahau kwamba namba ya ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ni vizuri kuishughulikia kabla ya kwenda kwa mchapaji, maana jalada likishachapwa bila namba utalazimika kubandika karatasi.

Mwanzisha uzi, Kirumba

Asante, ndugu, namba nitaishughulikia. Mkono huu hapa, kutoka sura ya nne.

Una ree ya kopa na jeki ya shupaza. Umeongeza dau hadi 300, na wanne wamelipa. Fungu ni 1,500. Zinafunuliwa ree ya uru, tisa ya kopa na nne ya pau. Una jozi ya ree, na wote wanapiga cheki hadi zamu yako. Weka 1,000. Usiogope kwamba utawafukuza, kwa sababu mwenye tisa atalipa, mwenye ree yenye mwenzake mdogo atalipa, na hao ndio unaowataka. Wawili wanalipa, na fungu linakuwa 4,500. Karata ya nne ni mbili ya kopa, ambayo haibadilishi mengi. Wanapiga cheki tena, nawe unaweka 2,500. Mama mmoja analipa, mwingine anatupa karata. Fungu ni 9,500.

Karata ya tano ni tisa ya shupaza. Mama yule, ambaye tangu mwanzo amekuwa akipiga cheki na kulipa, sasa anatangulia kuweka 7,000.

Unaombwa ulipe 7,000 ili upate 16,500 zilizopo katikati. Unahitaji uwe umeshinda karibu mara 3 kati ya 10. Kitabu kilichoandikwa kwa meza ya wataalamu kingekuambia ufikirie sana, kwa sababu mtaalamu angeweza kuitumia tisa hiyo kukutishia. Wewe jiulize jambo moja: mtu huyu, ambaye hulipa na karata dhaifu na haongezi dau, amewahi kuweka dau kubwa mwenyewe akiwa hana kitu? Mezani kwenu jibu ni karibu kamwe. Ana tisa ya tatu, au zaidi ya hapo. Tupa karata zako bila kuzionyesha.

Mchangiaji, mwalimu wa hisabati, Sengerema

Hesabu ni sahihi: 7,000 kwa 23,500 ni takribani asilimia 30. Ninapendekeza nyongeza moja. Chini ya mkono huu acha mistari mitupu ambamo msomaji ataandika kila anapoona mtu wa namna hiyo akitangulia kuweka dau kwenye karata ya tano na karata zikaonyeshwa: alikuwa nacho, au hakuwa nacho. Umesema «karibu kamwe», lakini msomaji wa Kayenze anaweza kuwa na meza tofauti na ya Kirumba, na akishajaza mistari hiyo atakuwa na namba ya meza yake mwenyewe ya kulinganisha na hizo mara 3 kati ya 10.

Mwanzisha uzi, Kirumba

Nimeikubali, mwalimu. Mistari 20 inatosha katika ukurasa mmoja, na nitaiweka pia mwishoni mwa sura ya kuongeza dau na ya kutishia. Rasimu ya sura nne za kwanza nitaibandika humu mwezi ukianza kung'aa, watu wa mialo wakiwa na nafasi ya kusoma.